Naomba ushauri: wasifu wa baba yetu, mtu wa mlima, niusomeje Jumamosi?

Kitindamimba wa Kihamba (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Jumamosi tunaweka msalaba kwenye kaburi la mzee wetu, nyumbani Marangu, mwaka umetimia. Siku ya mazishi wasifu ulisomwa harakaharaka, mvua inanyesha, mchungaji ana msiba mwingine, ukaishia kwenye "alizaliwa, alisoma, alioa". Safari hii ukoo umenipa mimi, dakika 10.

Mzee alikuwa mpagazi wa Kilimanjaro, amebeba mahema na vyakula vya wageni mpaka magoti yalipokataa. Na alikuwa mtu wa nyumbani kwelikweli. Akishuka siku ya sita au ya saba hapiti kilabuni. Anakaa kwenye kigoda nje ya jiko, anafungua begi, anatoa boksi la chakula cha mchana ambalo hakulila: yai la kuchemsha lililopondeka ganda, kikeki, na chokoleti iliyoyeyuka ikaganda tena mpaka ikatoka ukungu mweupe. Anaikata kwa kisu cha ndizi vipande vitano, anarudi kuvipima kwa jicho, anakata tena. Sisi tunakula, yeye analamba kisu.

Swali: niseme mambo mangapi? Na si vibaya kupamba kidogo, au? Usingizi hauji.

Mirathi Kwanza
Poleni sana. Ila mirathi mmefungua mahakamani? Mwaka mzima huo. Sisi tulizubaa, baba mdogo akauza shamba la kahawa huku tunabishana rangi ya vigae vya kaburi.

Bi Mkubwa
Mwanangu, dakika 10 ni nyingi. Watu wametoka mbali, harufu ya mtori inawafikia pale pale walipokaa. Sema tano, kaa.

Jongoo wa Kusini
Kupamba ruksa. Babu yangu Kilwa alivua papa mmoja ujanani. Kila Idi papa anaongezeka dhiraa. Tunamzika babu, papa alishakuwa sawa na jahazi, na shehe mwenyewe alimtaja. Hakuna aliyeomba kuona meno.

Dada wa Takwimu
Mleta mada, "kupamba kidogo" ndiyo nini? Mtu hakosi usingizi kwa ajili ya dakika 10. Sema yote.

Kitindamimba wa Kihamba
Ni mambo ya kawaida tu dada, ya kumpa mzee heshima yake.

Dada wa Takwimu
Umeombwa useme yote.

Kitindamimba wa Kihamba
Haya. Sisi tumekua tukijua mzee amefika kilele cha Uhuru mara nyingi mno. Shuleni tulitamba nayo. Juu ya kabati kuna jiwe jeusi, ni la kileleni, ingawa nani alituambia hivyo sikumbuki. Mwezi uliopita akaja mzee mmoja waliyebeba naye mizigo miaka mingi. Nikamwambia naandika kwamba baba alifika mara 214. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Anasema baba hakuwahi kuivuka kambi ya Barafu hata siku moja. Alipewa nafasi mara mbili, akauliza, "Huko juu kuna mzigo gani?" Akabaki kuchemsha chai ya wageni watakaporudi.

Sasa kijitabu cha ibada kipo kwa mchapaji, nakala 300, ukurasa wa kwanza: "Alifika kilele cha Afrika mara 214." Na sioni ubaya, maana marehemu hasemwi vibaya.

Mtumishi Asiyefaa
Ndugu yangu, uongo unaosomwa kanisani hauitwi mapambo. Utawafundisha nini watoto wako?

Jongoo wa Kusini
Mtumishi, siku unasomwa wewe tutakumbusha yale ya harambee.

Mgumu Mstaafu
Nimebeba miaka 19, acheni niseme. Wapagazi sisi tunajiita wagumu. Usiku wa kileleni, kwenye saa 6, wanaoondoka ni wageni na waongozaji. Mgumu anabaki kambini, labda uchaguliwe kusaidia. Barafu ni mita elfu nne mia sita na kitu, Uhuru 5,895. Watu hudhani anayebaki amelala. Alale wapi? Hema linapigwa na upepo kama ngoma, unaangalia taa za kichwani zinavyopanda mstari mmoja, taratibu, halafu unaona moja imegeuka inarudi. Hapo unaamka na blanketi. Chai yenyewe ya kule ina kazi: maji yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi, majani hayakolei, unaweka mara mbili na tangawizi ya kutosha. Kulipokucha tunapanda kidogo na juisi kumpokea mgeni, maana wengine hata jina lake hakumbuki. Na huyo hajakaa vizuri, unakunja hema, unalibeba, unashuka mbio ili akukute kambi ya chini limeshasimama.

Kwa sheria ni kilo 20. Mimi nimebeba zaidi. Huyo mzee simjui, ila swali lake la mzigo nalielewa kabisa.

Mwana wa Mangi
Hata Mzee Yohani Lauwo, wa huko huko Marangu, watu wanabishana mpaka leo kama mwaka 1889 alifika juu na Hans Meyer na Purtscheller, Wazungu wa kwanza kufika kileleni, au aliishia njiani. Na heshima yake ipo palepale. Mleta mada, weka 214 yako.

Mpima Chumvi
Wakuu, mnanyweshwa chai hapa na wala si ile ya Barafu. Someni tena uzi. Mzee wa Marangu, "amebeba mahema". Njia ya Marangu hakuna kupiga mahema! Mandara, Horombo, Kibo, kote wageni wanalala kwenye vibanda. Na Barafu haipo kwenye njia ya Marangu. Huyu ameokota vipande kwenye intaneti akatuunganishia. Chokoleti yenye ukungu, kigoda, jiwe juu ya kabati… anafanya mazoezi ya hadithi.

Mirathi Kwanza
Kumbe! Ndiyo maana swali la mirathi hakujibu.

Bi Mkubwa
Jamani, kama ni msiba wa kweli mtajisikiaje?

Kitindamimba wa Kihamba
Nilisema NYUMBANI Marangu. Alianzia njia ya kwetu, akahamia ya Machame kwa sababu kule kulikuwa na kazi nyingi na kampuni zilimjua. Mirathi imefunguliwa, ahsante. Bwana Chumvi, mimi sina haja ya kukuthibitishia baba yangu.

Mpima Chumvi
Basi jibu moja tu: kama hakuwahi kufika, hiyo 214 umeiokota wapi? Mtu akitunga husema 200.

Kitindamimba wa Kihamba
Alikuwa na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila safari mstari mmoja: tarehe, kilo, tipu, na neno moja moja la kuwakumbuka wageni. "Mrefu, anatapika." "Mama na kijana wake, wanaimba." "Huyu alilia, hakusema kwa nini." Nilijumlisha safu ya mwisho, ikaja 214.

Dada wa Takwimu
Safu ya mwisho ina kichwa gani?

Kitindamimba wa Kihamba
Sikukitilia maanani, ngoja.

Kitindamimba wa Kihamba
Imeandikwa "wamefika".

Dada wa Takwimu
WAmefika. Si NImefika. Mistari ni mingapi?

Kitindamimba wa Kihamba
71. Kuna mistari ina 4, ina 2. Mmoja una 0, pembeni kaandika "mvua, tulirudi wote".

Mgumu Mstaafu
Alikuwa anahesabu wageni. Asee. Mimi ningeulizwa wangapi walifika nisingejua hata wa mwaka wa mwisho.

Mpima Chumvi
Chai naifuta. Mambo ya "huyu alilia" hayatungiki kirahisi. Ila kijitabu chako bado kinasema uongo.

Kitindamimba wa Kihamba
Nimewasikia, lakini jamani na nyie nielewe. Ndugu zangu wameshawaambia watoto wao. Na wageni wangu wawili kutoka Ujerumani watakuwepo, wanapanda Jumatatu.

Dada wa Takwimu
Wageni WAKO?

Kitindamimba wa Kihamba
Nina kampuni ndogo ya kupandisha watu. Kwenye tovuti niliandika "urithi wa vilele 214". Niliandika kabla yule mzee hajaja kucheka. Wawili hawa walinichagua kwa sababu hiyo, waliniambia wenyewe. Biashara ni mpya, mkopo upo. Mtu anayelisha watoto wa wapagazi wengine nane naye anahesabika mwongo?

Mtumishi Asiyefaa
Ndiyo.

Jongoo wa Kusini
😂😂 Mtumishi hana breki.

Mgumu Mstaafu
Mdogo wangu, hao Wajerumani nao usiku wa kileleni wataacha watu nyuma kambini. Ukiwasomea lile daftari, mistari mitano tu, wakirudi watamwangalia anayewapa kikombe. Nimepewa vikombe vingi nyuma na watu ambao hawakuniangalia.

Bi Mkubwa
Na ile ya kulamba kisu usiache. Mama yenu yupo hai? Muulize yeye kwanza, pengine alijua siku zote.

Kitindamimba wa Kihamba
Yupo. Nimetoka kumuuliza sasa hivi, anachambua mchele. Kasema, "Baba yako alikuwa anaogopa baridi, ndiyo maana alibeba moto." Kaendelea kuchambua. Jiwe nalo kasema liliokotwa mtoni, la kuzuia mlango wa kabati.

Mwana wa Mangi
Aisee.

Kitindamimba wa Kihamba
Nimempigia mchapaji. Hajabana pini. Kubadilisha ukurasa mmoja anataka elfu arobaini, na nimpe maneno kabla ya saa 4 asubuhi. Tovuti sijaigusa. Bado nafikiria.

Mgumu Mstaafu
Jumamosi ibada saa ngapi? Mimi nikishushwa Marangu Mtoni natembea.