Laibrari yetu ya malipo: tuikate au tuiache?

Fundi wa Arua: Ndugu zangu, tusaidiane. Laibrari yetu ya malipo, yaani kodi ya kompyuta ambayo wengi wenu mnaichomeka kwenye programu zenu, imekuwa gunia la mihogo. Humo kuna kusahihisha namba za simu (077 iwe +25677), kuomba pesa MTN na Airtel, risiti za EFRIS (mfumo wa risiti wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda), kutuma SMS, hadi ripoti za PDF. URA wakigusa kitu kimoja kwenye EFRIS, tunatoa toleo jipya la gunia zima. Naona tuikate iwe tano. Mnasemaje?

Binti Busia: Kata! Programu yangu ya vikundi vya akiba inataka namba za simu tu, lakini inabeba hadi fonti za PDF. Mwanachama yuko wilayani Moyo, anapakua kwa bando la kukopa.

Mzee wa Kodi: Vijana mnapenda kukatakata. Mmesahau left-pad? 2014 ile, jamaa aliondoa kijikodi chake, dunia ikasimama. Vipande vitano ni matatizo matano. Nyie wa mipakani mnajenga programu kama mnavyoongea Kiswahili, vipandevipande.

Binti Busia: Mzee, Kiswahili changu kimeingiaje hapo? Sisi tumenunulia nyanya kwa lugha hii tangu utotoni. Nyie wa Kampala mlikuwa mkiisikia mnaingia chini ya kitanda, mkidhani wanajeshi wamekuja. Baraza la mawaziri limepitisha 2022 iwe rasmi, leo mmekuwa wakaguzi.

Shemeji Ntinda: Chini ya kitanda, banange! 😂 Ila ni kweli. Jajja (bibi) wangu hadi leo akisikia "simama" anainua mikono.

Mwalimu Bwera: Maadamu tumefika kwenye lugha: laibrari ndiyo nini? Ni maktaba. Na kodi ni ile ya URA. Ya kompyuta ni msimbo.

Mzee wa Kodi: Mwalimu, nenda soko la Owino useme "maktaba yangu imegoma". Watakuuliza vitabu vinadai mshahara gani.

Fundi wa Arua: Wazee, swali langu jamani.

Kimya Kingi: Left-pad ilikuwa Machi 2016, mistari 11. Na kosa halikuwa udogo wake. Npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, walimwachia mtu aondoe kitu ambacho wenzake walishajengea juu yake; baadaye wakabana kanuni. Mfano unaotuhusu ni lodash, laibrari kubwa ya JavaScript: walitoa kila kipengele kama kifurushi chake, kisha wenyewe wakawaambia watu waachane navyo. Kinachoumiza ni matoleo. Kipande cha malipo kinataka kipande cha namba za simu toleo la 1.9, cha SMS kinataka toleo la 2.1, mteja anabeba zote mbili na programu inanenepa kuliko mwanzo. Mimi ningetoa EFRIS peke yake, maana ndiyo inayobadilika kwa saa ya mtu mwingine. Mengine yakae nyumba moja.

Binti Busia: Yaani ile ninayoihitaji mimi ndiyo ibaki gunia! Na mzee bado hajaomba radhi.

Mzee wa Kodi: Radhi ya nini, nyabo? Nilitania. Mama yangu ni wa Tororo, nimelelewa mpakani hukohuko. Hamjaniambia nani atajibu malalamiko ya vipande vitano. Hiki kimoja kina watu wawili, na mmoja kaoa mwezi uliopita.

Shemeji Ntinda: Aliyeoa ni mimi. Nipo, ila msinipigie baada ya saa mbili usiku.

Mwalimu Bwera: Hongera sana. Maktaba.

Mzee wa Kodi: Mahari ilikuwa ng'ombe wangapi?

Shemeji Ntinda: Mzee, hiyo tuongee pembeni.

Fundi wa Arua: Kwa hiyo nikate au nisikate?

Binti Busia: Nimeshaichomoa ya namba mwenyewe, mkiwa kwenye ng'ombe. Faili tatu, majaribio yote yamepita. Nimeiita "namba". Mwalimu, usianze.