MJADALA: Dokezo la kwenda mlango wa jirani, lazima lipande mpaka kwa mkurugenzi?

Wakuu, heshima kwenu. Nipo ofisi moja ya umma hapa Dodoma, sitaitaja. Juzi nilihitaji takwimu za idara jirani. Jirani kweli: mlango wao uko hatua ishirini kutoka wangu, na mwenye takwimu mchana tunakula naye ugali meza moja. Akaniambia, "Ndugu yangu, nikikupa hivi hivi nitaulizwa. Leta dokezo." Basi dokezo, yaani ombi la maandishi la ndani ya ofisi, likapanda kwa mkuu wa sehemu, mkurugenzi msaidizi, mkurugenzi, likavuka kwa mkurugenzi wa pili, likaanza kushuka. Kila kituo mtu yuko safari. Siku kumi na tisa, kwa ukurasa mmoja!

Msiniambie dawa ni kompyuta. E-Ofisi, mfumo wa majalada ya kompyuta, imempumzisha mhudumu wa kubeba majalada, lakini dokezo linapanda ngazi zilezile. Tofauti ni kwamba sasa unaona lilipokwama.

Na jibu lilishatolewa. Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa aliyeongoza kampuni kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1916 kwamba watumishi wawili wa ngazi moja, kila mmoja na bosi wake, wawekewe ubao wa kuvukia: wamalizane wenyewe, mradi wakubwa wao wameruhusu na wanapewa taarifa. Ngazi hakuivunja. Mimi nataka ubao huo uruhusiwe kwa waraka. Anayepinga aje.

Mstaafu wa masijala:
Napinga, mwanangu. Wewe unaona ucheleweshaji, mimi niliona ushahidi. Alikuja mama mmoja wa Nkuhungu, kiwanja chake kimeuzwa kwa mtu mwingine. Kilichomwokoa si afisa mwenye huruma. Ni folio ya saba, yaani karatasi yenye namba saba ndani ya jalada: barua yake, muhuri wa kupokelewa, tarehe. Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, alilisema hili katika maandiko yaliyochapwa 1922, yeye akiwa ameshafariki: ofisi si mali ya anayeikalia, ndiyo maana mambo yanaandikwa na kila mtu ana mkubwa wake. Fungueni vichochoro muone, watakaopita ni wenye wajomba. CDA, mamlaka iliyosimamia ujenzi wa makao makuu na viwanja hapa Dodoma, iliundwa 1973, ikavunjwa 2017, kazi zikaenda manispaa. Kiwanja si bado kinataka ramani, hati na saini?

Mchangiaji mwingine:
Shikamoo mzee. Ngazi haina kosa, woga ndio shida. Bosi wangu ana mamlaka kamili ya kusaini, ila anaandika "naomba maelekezo" na kulisukuma juu, likiharibika lisimwangukie. Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, alieleza mwaka 1940 jinsi mtumishi anavyoshika kanuni mpaka kanuni yenyewe inageuka kuwa ndiyo kazi. Ubao utawekwa na hakuna atakayekanyaga.

Mwanzisha mada:
Mzee, kwenye folio umenishika. Basi ubao nao uwe na folio: nikipewa takwimu, nakala iingie jaladani siku hiyohiyo na wakurugenzi wote wawili waione. Mambo ya fedha na ya siri yaendelee kupanda, sina ugomvi. Ila huyu wa woga kanikwamisha. Nikitumia takwimu zenye makosa nilizopata kwa ubao, atakayeandikiwa barua ya kujieleza ni nani: mimi, aliyenipa, au mkurugenzi aliyeruhusu?