Bomba limechomoka kwenye bunda likiwa hewani: tulikosea wapi?

Swali
Habari za kazi, wakuu. Kwenye mtambo wetu wa kuchimba kisima baharini, kreni ilikuwa ikipandisha bunda la mabomba ya kuchimbia, kila moja likiwa na urefu wa takriban mita 9.5, na lilipofika juu ya ukingo wa sitaha bomba moja la katikati lilichomoka likaanguka. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu chini, lakini tangu siku ile sijatulia, kwa sababu kamba zote mbili za chuma zilikuwa zimekaguliwa na uzito haukufikia uwezo ulioandikwa kwenye vibao vyake. Ikiwa kamba haikukatika, kosa lilikuwa wapi?

Jibu la 1
Pole sana, ndugu. Kibao kinakueleza uzito ambao kamba inaruhusiwa kubeba. Kushika mzigo kunategemea ufungaji. Je, mliizungusha mara ngapi? Kamba ikipita chini ya bunda mara moja tu, hubana mabomba ya nje, na yale ya ndani hushikiliwa na msuguano mdogo ambao hupungua zaidi yakiwa na grisi au matope ya kuchimbia. Sisi huzungusha kila kamba mara mbili kamili, kisha tunaipitisha kwenye jicho lake, yaani kitanzi cha mwisho wa kamba, ili ijikaze kadiri mzigo unavyopanda, na tunafunga umbali wa robo ya urefu kutoka kila ncha, yaani kama mita 2.4 kwa mabomba yako. Ufungaji huo hupunguza uwezo wa kamba, kwa hiyo usome jedwali linaloihusu hali hiyo hasa.

Jibu la 2
Naongezea pembe. Mzigo wa tani 2 ukining'inia kwenye kamba mbili zenye nyuzi 60 kutoka mlalo, kila kamba hubeba takriban tani 1.15; zikilala hadi nyuzi 30, kila moja hubeba tani 2 nzima. Tena kamba zilizolala huvutana kuelekea katikati, zikateleza juu ya mabomba na kulegeza bunda.

Muuliza swali
Nashukuru, wakuu. Nimezitazama picha upya: kamba zilizungushwa mara moja, na mabomba yalikuwa yanang'aa kwa grisi. Lakini je, hatungeweza kuliona tatizo mapema?

Jibu la 1
Mngeliona, ndugu yangu. Nyanyueni bunda sentimita chache tu, msimamishe kreni, mlitazame kutoka pembeni mpaka litulie. Ncha moja ikizama, au mdomo wa bomba hata mmoja ukijitokeza kuliko mingine, lishusheni mkafunge upya, hata kama meli ya mizigo inasubiri. Kamba za kuongozea ziwe ndefu kiasi kwamba anayezishika asilazimike kukaribia mzigo. Kreni huongozwa na mtoa ishara mmoja, ila ishara ya kusimama itiiwe papo hapo, hata ikitoka kwa kibarua aliyeanza kazi leo asubuhi.