Filamu ya familia ya waigizaji: niwaonyeshe vijana wangu?

Dunda_Jukwaani: Wakuu, nafundisha uigizaji vijana wa mtaani hapa Bagamoyo. Nataka kuwaonyesha The Royal Family of Broadway ya 1930. Binti Gwen anataka kuacha jukwaa aolewe, na bibi yake Fanny hataki hata kusikia. Nina binti darasani yuko njia panda hiyo hiyo, mchumba anamtaka aache mazoezi. Itamsaidia au itamuumiza?

MzeeWaNgoma: Muonyeshe. Ilitokana na tamthilia ya Kaufman na Ferber ya 1927, iliyowachezea shere akina Barrymore, familia halisi ya waigizaji Marekani. Fredric March akiwa Tony, mjomba wa Gwen, ni moto! Aliteuliwa kuwania Oscar. Tazama kamera inavyomfuata akipanda ngazi huku anavua nguo, mdomo haupumziki.

Binti_Kaole: Mwalimu, mimi niliambiwa hivyo hivyo na mchumba. Mwache aitazame, ila usimgeuze Fanny kuwa fimbo ya kumchapia.

Dunda_Jukwaani: Asante dada, nimekuelewa. Jumamosi tunaweka projekta, na sitamuuliza chochote mbele ya wenzake.