Nimelipia filta ya oili mara nne hapa Mwanza. Leo nimeifungua mwenyewe, ni ile ile iliyokuja na gari kutoka Japani

Wakuu, naandika nikiwa bado na oili kwenye kucha. Nina hasira, na nitaandika kwa urefu kwa sababu najua humu wapo wengi wenye gari kama langu walioibiwa kama mimi na hawana habari.

Leo Jumamosi nimebadilisha oili ya gari langu kwa mikono yangu kwa mara ya kwanza. Ni gari dogo la Kijapani, injini ya cc 1300, aina ambayo ukisimama Buzuruga dakika tano utayahesabu mpaka uchoke. Filta yake ya oili haionekani. Fungua boneti, huioni. Lala chini, huioni. Imejificha nyuma ya injini, upande wa ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva, jirani kabisa na ekzosi. Mkono unapenya kwa shida, na ukifika unagusa kitako chake tu kwa ncha za vidole. Nguvu ya kuizungusha hupati.

Nimehangaika nayo zaidi ya saa tatu. Ilipotoka nikaifuta kwa kitambaa nisome namba yake, nikakuta imeandikwa kwa kalamu nyeupe: tarehe, na kilomita 71,200. Gari hili nililinunua likiwa na kilomita 74,000. Leo linasoma 95,300.

Someni tena hizo namba.

Tangu ninunue gari nimebadilishiwa oili mara nne, zote kwenye gereji moja hapa mjini, kila baada ya kilomita 5,000 hivi. Kila mara nimelipa oili, nimelipa filta shilingi 12,000, nimelipa na ufundi. Filta peke yake ni 48,000. Na kinachoniuma zaidi ya hela ni kwamba kila mara nilionyeshwa filta chafu! Fundi alikuwa anatoka chini ya gari ameishika inadondosha oili, ananiambia, "Braza, ona ilivyokuwa imechoka." Nami nilikuwa namshukuru. Nilikuwa namwachia na hela ya soda. Sasa najiuliza zile filta zilikuwa za magari ya nani.

Msiniambie ni kitu kidogo. Filta ina valvu ndani yake. Karatasi ya kuchujia ikiziba, ile valvu inafunguka ili injini isikose oili kabisa, maana yake oili inapita pembeni bila kuchujwa. Kwa hiyo unaweza kununua oili ya bei ghali, inazunguka na uchafu wote wa kilomita 24,000 kwenye beringi na kemushafti, na huna taa yoyote ya kukwambia. Injini inalika kimya kimya. Mwaka huu nimekwenda na watoto Musoma mara mbili kwa gari hilo.

Dalili ilikuwepo na mimi sikuijua. Kitabu cha gari ni cha Kijapani lakini tarakimu zinasomeka: lita 3.4 ukibadilisha oili tu, lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa sababu filta mpya inaingia tupu na lazima ijae. Yule fundi kila mara alikuwa anaacha zaidi ya nusu lita kwenye galoni la lita 4. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa. Wenye magari ya aina hii, kapekueni vitabu vyenu muone namba za gari lenu, halafu siku ya sevisi simameni muangalie galoni linabaki na kiasi gani.

Sasa niwaeleze kwa nini hawaibadilishi, maana nimelala chini yake nikaelewa. Kumwaga oili ni kazi ya dakika kumi: spana namba 14, nati ya sampu (kile kibeseni cha oili chini ya injini) inafunguka, unakinga beseni, basi. Filta ndiyo kazi yenyewe. Na fundi anajua kwamba mwenye gari hawezi kuinama akaiona. Pale ambapo jicho la mteja halifiki ndipo wizi unapokaa.

Mimi naishi mlimani huku Mabatini, na wenyeji mnajua habari ya mawe yetu. Kupata mita nne za ardhi tambarare ya kupigia jeki ni shida, nikashuka na gari mpaka kwenye uwanja wa mzee mmoja jirani, dereva mstaafu aliyeendesha malori ya pamba miaka mingi. Nilipasha injini dakika tano ili oili iwe nyepesi, nikaimwaga vizuri tu. Kisha nikaingiza mkono kutafuta filta na ekzosi ikaniunguza kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. Hapo lilikuwa kosa langu: oili inataka injini ya moto, filta ya namna hii inataka injini iliyopoa. Mwageni, fungeni nati, mkanywe chai saa nzima, ndipo mrudi.

Nilijaribu mkanda wa filta, hauna nafasi ya kuzunguka. Nilijaribu kupitia juu, mabomba ya hewa yamezuia. Nikachukua bisibisi na nyundo nikitaka kuitoboa niizungushe kwa bisibisi, kama nilivyoona watu wakifanya. Mzee akanishika mkono. "Mwanangu, ikichanika hiyo hutaiondoa leo wala kesho, na gari litalala hapa." Akaniambia nitoe tairi la mbele la kulia, nikate usukani mpaka mwisho, nifungue ile plastiki ya ndani ya madigadi. Vibana sita tu. Na pale, wakuu, filta ikaonekana nzima, kwa jicho, kama yai kwenye kiota!

Kwa hiyo njia ipo. Dakika ishirini za kufungua tairi ndizo zilizomshinda fundi kwa miaka yote hii.

Hata hapo ilikuwa imeng'ang'ania kwa ajili ya umri. Tulitumia kikombe cha filta, kile cha chuma chenye pande kama za kitako cha filta, milimita 65, pamoja na racheti na mkono mrefu. Mzee alikuwa nacho. Kama huna, kinunue kabla hujaanza, na peleka filta mpya dukani upime palepale, kwa sababu filta zinatofautiana na kikombe kisichokaa sawasawa kinateleza na kuharibu zile pande.

Jambo la kutisha likaja baada ya hapo. Filta ilitoka bila raba yake. Ile raba nyeusi ya mduara ilikuwa imegandia kwenye injini. Nisingepitisha kidole, ningefunga filta mpya juu yake, na raba mbili zikipandana hazishiki: ukiwasha tu, presha inazisukuma na oili yote inamwagika chini, nyingine juu ya ekzosi. Nimewaza ingekuwaje kama ingetokea njiani na familia. Tafadhali, ukitoa filta hesabu raba. Kama hufikishi jicho, ingiza simu upige picha.

Nikapaka raba mpya oili kidogo, nikaizungusha kwa mkono mpaka ikagusa, nikaongeza robo tatu ya mzunguko kama karatasi ya filta inavyosema. Hakuna spana. Wanaokaza kwa spana ndio wanaomtesa mtu wa sevisi inayofuata. Nikaweka lita 3.7. Nikawasha, taa ya oili ikazima baada ya sekunde chache, hakuna tone. Gari wakati wote huo lilikuwa limekaa kwenye stendi mbili za chuma, na jiwe nyuma ya tairi. Jeki peke yake usiiamini, hasa kwenye vumbi letu.

Nina hasira pia na waliochora hii injini. Subaru za injini mpya zina filta juu kabisa, unafungua boneti unaiona, huhitaji hata kulala chini. Inawezekana! Lakini mtu alikaa ofisini kwenye nchi ambayo kila gereji ina lifti akaamua kuiweka kando ya ekzosi, na leo magari hayo hayo yamejaa Mwanza, Geita na Bariadi.

Nyongeza, Jumatatu usiku

Nimekwenda gereji na ile filta kwenye mfuko wa nailoni. Fundi aliyenihudumia hakuwepo. Mwenye gereji ameitazama, amesoma kilomita, amenyamaza. Kisha akasema vijana wengi wamepita pale, hajui nani alifanya. Amenipa sevisi moja ya bure. Nimekataa. Gari langu haliingii pale tena, nataka 48,000 yangu. Ameniambia nirudi Ijumaa.

Nikiwa nimesimama pale nimeona kijana anamwaga beseni la oili chafu kwenye mtaro. Nimemuuliza inakwenda wapi, akanionyesha kwa kidole tu, chini. Chini ni Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani, na sehemu kubwa ya maji tunayokunywa mjini yanavutwa humo humo ziwani, pale Capri Point. Mabanda ya mbao yako jirani na wanaitafuta hiyo oili chafu kila siku kupaka nguzo zisiliwe na mchwa! Ya kwangu nimempelekea fundi seremala kwenye galoni lile lile, ameipokea kwa mikono miwili.

Ninachoomba kwenu wenye gari ambazo filta imejificha: nunueni kalamu ya alama, na kabla fundi hajaifunga filta mpya iandikeni tarehe na kilomita wenyewe, muione ikiingia. Na kama umeshalipia sevisi, toa tairi, fungua ile plastiki, angalia iliyopo ni ipi. Mtakachokuta kiandikeni hapa, wekeni na picha. Ijumaa nakwenda na uzi huu kwenye simu nimwonyeshe.