Je, mkrismasi unarutubisha shamba la mikorosho?

Mkulima wa Mikindani: Wakuu, habari za kutwa. Nakusudia kupanda mikrismasi ndani ya shamba langu la mikorosho, kwa kuwa nimeambiwa kwamba mti huu, ukiwa wa jamii ya kunde, huongeza naitrojeni ardhini. Je, ni kweli?

Bwana Miche, Lindi: Hapana, ndugu yangu. Ukipasua ganda lake gumu, ambalo huweza kufikia urefu wa sentimita 60, utaona mbegu zimelala kila moja katika chumba chake, jambo linalothibitisha ukoo wake. Lakini mizizi yake haina vile vinundu vya bakteria vinavyonasa naitrojeni ya hewani. Tena mizizi hiyo hutambaa juujuu, na kwa maoni yangu itagombea maji na mikorosho. Upande uani kwa kivuli, mbali na ukuta.

Msomaji wa Shangani: Naongezea kuhusu asili yake. Jenasi ya Delonix, yaani kundi la miti ambamo mkrismasi umo, ina spishi takribani 11, nyingi zikiwa za Madagaska pekee, ingawa Delonix elata huota pia huku Afrika Mashariki. Kusini mwa kisiwa hicho Delonix decaryi, yenye maua meupe, hupandwa kuwa uzio hai.

Mkulima wa Mikindani: Nashukuru. Na mbegu zisizoota?

Bwana Miche, Lindi: Zimwagie maji yaliyochemka na kuepuliwa, uziache humo hadi asubuhi, zilizovimba ndizo za kupanda.