Nimefika lenta Kigamboni: slaidi na AC, luva, au tofali za matundu? Naomba ulinganisho

Kifusi_01
Wakuu, habari za jioni. Boma langu limefika usawa wa lenta (boriti ya zege juu ya madirisha na milango) na fundi aluminiamu anataka vipimo wiki ijayo, kwa hiyo hapa ndipo mwisho wa kubishana. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule na jiko vimeungana, paa la kuficha (mama watoto kashalipenda, hilo tusilijadili).

Tunakopanga sasa ukifungua kabati la nguo unapokewa na harufu ya ukungu. Viatu vya ngozi vikikaa mwezi vinaota manyoya meupe. Sitaki kuhamia kwangu na maradhi ya nyumba ya watu.

Nimeshauriwa njia tatu. Wa kwanza kasema weka slaidi kubwa (madirisha ya vioo vya kuteleza) kila chumba, AC masta na sebuleni, maisha yaendelee. Wa pili kasema luva za vioo, vile vipande vyembamba vinavyolala na kusimama, kama nyumba za zamani za serikali. Wa tatu kasema slaidi sawa, lakini juu ya madirisha na juu ya milango ya ndani panga tofali za matundu. Aliyeishi kwenye mojawapo aseme ukweli.

FundiTegeta
Slaidi mkuu. Luva mwizi anachomoa vioo kimoja kimoja kama anachambua dagaa, na vumbi lake usiombe. Nafunga madirisha mwaka wa kumi na moja huu, sijaona mteja anataka luva isipokuwa ya chooni.

Kaskazi_na_Kusi
Mimi huchora ramani za nyumba kwa riziki. Kifusi, hapo umeuliza swali la pili kabla ya la kwanza. La kwanza ni hili: upepo ukiingia chumbani kwako unatokea wapi?

Kigamboni una bahati ya bahari. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, kusi inashika kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba huko, katikati ndiyo maleleji, upepo haueleweki. Chumba chenye dirisha ukuta mmoja tu, na mlango umefungwa, hakipati faida kubwa ya pepo hizo hata ukiweka dirisha la futi nane. Hewa haiingii mahali ambapo haina pa kutokea. Puliza kwenye chupa uone.

Sasa hesabu ya slaidi. Chumba cha mita 4 kwa 4 ni mita za mraba 16. Wengi tunachukua dirisha lisipungue sehemu ya kumi ya sakafu, yaani 1.6. Wewe utaweka la mita 1.5 kwa 1.5, unapata 2.25, unafurahi. Lakini slaidi ya vioo viwili hata ukiisukuma mpaka mwisho inafunguka nusu tu, umebaki na 1.1. Toa fremu, weka wavu wa mbu, na wavu nao unakula upepo mwingi kuliko watu wanavyodhani. Luva inafunguka karibu yote. Kesimenti, lile la bawaba linalofunguka kwa nje, nalo karibu lote, na likifungukia upande sahihi linakamata upepo unaopita sambamba na ukuta na kuuingiza ndani kama tanga.

Na paa la kuficha umesema tusilijadili, lakini nalijadili. Nyumba yenye paa la kawaida inapumua pembezoni, pale bati linapotokeza nje ya ukuta. Wewe umezungushia ukuta pande zote, joto la bati limekaa juu ya dari ya jipsamu halina pa kwenda, na usiku linakushukia kitandani. Mwambie fundi aache matundu kwenye ukuta wa juu pande mbili zinazotazamana, yenye wavu, na kikofia kidogo cha kuzuia mvua. Gharama yake ni ndogo sasa hivi. Ukishapiga plasta na rangi utakuja hapa kuuliza bei ya AC ya tatu.

Mama_Ghorofani
Nasimulia ya kwangu ya slaidi na AC. Nilikuwa naamka kichwa kizito kila siku, nikadhani presha. Kaka yangu akaniletea kile kifaa kidogo cha kupima kaboni dayoksidi. Nje kilisoma mia nne na kidogo (sehemu kwa kila milioni ya hewa), ndivyo ilivyo duniani kote sasa. Chumbani saa kumi alfajiri, mimi, mume na mtoto, AC inanguruma, dirisha limefungwa: kilipita 2,000.

AC hizi za kawaida za ukutani hazileti hewa ya nje jamani. Lile bomba linalotoka nje ni la gesi ya kupoozea na maji. Hewa mnayopumua ni ileile inazungushwa, imepozwa tu. Sasa hivi mlango wa chumba nauacha wazi kidogo, egzosti ya bafuni (feni ya kutoa hewa nje) inawaka usiku kucha inavuta taratibu. Kifaa kinasoma chini ya 1,000 na kichwa kimetulia. Bili ya umeme imepanda kiasi, sikatai.

Kifusi_01
Kumbe. Kaskazi_na_Kusi umenifanya niitoe ramani mezani, vyumba viwili vya watoto vyote vina dirisha ukuta mmoja. Vipi kuhusu mbu sasa? Nikijaza matundu kila mahali si nimewafungulia ukumbi?

Kaskazi_na_Kusi
Swali zuri, maana mbu wa malaria hupenda sana kupita ule uwazi kati ya ukuta na paa. Ila dawa si kuziba. Mkoani Mtwara zilijengwa nyumba 110 za majaribio kwa ajili ya utafiti wa afya, vyumba vya kulala viko juu na kuta zake zina wavu unaopitisha upepo. Mantiki yake: nyumba ikiwa na joto, watu wanakitupa chandarua na wanaacha mlango wazi. Nyumba yenye hewa mtu analala ndani ya neti bila ugomvi.

Kwako: matundu yote yawe na wavu, na kwa kuwa wavu unapunguza upepo, ongeza ukubwa wa tundu badala ya kutoa wavu. Na kitu ambacho mafundi hawasemi: uwe kwenye fremu ya kuchomoa. Vumbi la barabara zetu linaziba wavu ndani ya miezi michache, usipouosha una ukuta wenye rangi ya kijivu.

Mnjombe
Huku kwetu mnachozungumza ni anasa. Juni na Julai Njombe kila tundu linazibwa na matambara. Tatizo linaanzia hapo: jiko la mkaa linaingizwa chumbani usiku "lipashe joto". Mkaa ukishaiva hautoi moshi, watu wanadhani ni salama, kumbe ndio unatoa kabonimonoksidi, haina rangi wala harufu, na damu inaikumbatia mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Nimezika jirani na mkewe kwa jiko moja. Mwenye kujenga nyanda za juu aache tundu la kudumu kila chumba hata kama ni baridi, na jiko la mkaa lisilale ndani. Apashe joto kwa blanketi.

Mama_Ghorofani
Pole sana kaka. Mungu awapumzishe.

Pwani_Hamburg
Poleni sana. Mimi nipo Ujerumani. Kifusi, kuna ndugu atakushauri mashine ya kubadilisha hewa, ile inayotoa hewa chafu na kuingiza safi huku ikirudisha joto. Huku ina maana, nje nyuzi sifuri, ndani 20, hutaki kutupa joto ulilolilipia. Kigamboni nje 29 ndani 30, unarudisha nini? Utabaki kubadilisha vichujio visivyopatikana. Huku hata wenye nyumba za kawaida wanafungua madirisha yote dakika tano hivi asubuhi kwenye baridi kali, wanafunga. Kwa huko kwetu, bibi yangu Pangani alikuwa na dari ndefu, ua wa nyuma na mlango wa mbele na wa uani vinatazamana. Hakununua chochote.

FundiTegeta
Bibi yako hakuwa na majirani waliojenga mpaka kwenye mpaka. Siku hizi dirisha linatazama ukuta wa mtu mita moja. Huo upepo wa kusi utapita wapi?

Kaskazi_na_Kusi
Hapo fundi kasema kweli, siwezi kumbishia. Ukibanwa pembeni, tegemea juu. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo weka tundu la chini upande wa kivuli na la kutokea juu kabisa karibu na dari. Hata siku isiyo na upepo inasogea, polepole lakini inasogea.

Mama_Ghorofani
Mmesahau jiko. Limeungana na sebule, siku ya kukaanga samaki makochi yote yatanuka mpaka Ijumaa ijayo. Hata gesi, ingawa ni afadhali sana kuliko mkaa, ina mvuke na moshi wa mafuta. Weka egzosti inayotoa NJE. Mimi fundi alifunga bomba zuri likaishia juu ya dari, hakutoboa ukuta. Mwaka mzima tulikuwa tunahifadhi mafuta juu ya jipsamu, tumegundua mende walipoanza kuteremka kwa familia.

FundiTegeta
😂 Hiyo kazi si yangu, naapa.

Kifusi_01
Nimekaa na mama watoto. Slaidi sebuleni tu, maana anataka mandhari. Vyumbani kesimenti, na vyumba vya watoto tumemwambia fundi atoboe: kimoja kimepata dirisha la pili ukuta wa pembeni, kingine hakina nafasi kwa sababu ya jirani, kitapata tofali za matundu juu ya mlango hewa itokee korido, na korido ina tundu la juu. Ukuta wa paa matundu manne, mawili kila upande. AC ninaacha nafasi ya waya tu, nitaamua baada ya kulala humo kiangazi kimoja. Jiko linakuwa na mlango wa kuteleza kutenganisha na sebule. Hilo lilitugharimu usiku mzima wa majadiliano kuliko mengine yote.

FundiTegeta, unafunga kesimenti au nitafute mwingine?

FundiTegeta
Nafunga. Lakini zinazotazama kibarazani usizifungulie nje, watu watagonga vichwa. Nitumie vipimo, na usiwaruhusu wapiga plasta wazibe yale matundu ya juu. Huwa wanayaona kama makosa ya mpanga tofali.